Tusomeeni Mapato na Matumizi: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Michango ya Wananchi

Kwa Waheshimiwa: Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii, viongozi wa Ofisi ya Waziri Mkuu mnaoratibu masuala ya maafa, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na wenyeviti wa bodi za mashirika ya hisani yanayochangisha fedha kwa Watanzania.

Salaam.

Ninawaandikia nikiwa mhazini wa kikundi cha kufa na kuzikana katika mtaa mmoja wa Mwanza, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na minne bila mshahara na bila kujuta. Sina shahada ya uhasibu. Nilichonacho ni daftari la kaunta, kalamu ya bluu ya mapato na nyekundu ya matumizi, na wanachama ambao, marehemu akishazikwa na turubai likiwa bado halijashushwa, hukaa kwenye mikeka wakanisubiri nisome. Ninawasomea kilichopatikana, kisha jeneza lilikuwa shilingi ngapi, gari shilingi ngapi, mchele, mkaa, maji, na kilichobaki kimekabidhiwa kwa nani katika familia. Mtu akiuliza kwa nini mkaa ulinunuliwa mara mbili, ninamjibu palepale mbele ya wote, awe mjumbe wa kamati au awe shemeji yangu. Baada ya hapo ndipo watu hunyanyuka na kwenda zao.

Desturi hii si ya mtaa wetu peke yake, nanyi mnaijua kwa sababu mmelelewa ndani yake. Kamati ya harusi, hata ikiwa ya watu kumi na tano waliochanga kwa kusuasua, haihesabiwi kuwa imemaliza kazi mpaka ikutane kwa ajili ya kuvunja kamati, mhazini asome, na ijulikane kama kuna deni la ukumbi au kuna chenji ya kuwakabidhi maharusi. Kijijini, mkutano mkuu unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, na kiongozi wa wilaya akifika kwenye mkutano wa hadhara, malalamiko yatakayokuwa miongoni mwa ya kwanza kumfikia ni haya: hatusomewi mapato na matumizi. Mwananchi asiyejua kusoma analijua neno hilo, na anajua kuwa ni haki yake.

Ombi langu kwenu ni moja, na yote yatakayofuata katika barua hii ni maelezo yake. Mchango wowote unaoombwa kwa wananchi hadharani usomewe hesabu yake hadharani, kwa njia ileile uliyoombewa, na makusudio yake yasibadilishwe bila waliotoa kuelezwa.

Nitaanza na Kagera, kwa sababu huko ndiko swali hili liliponiingia na halijanitoka. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, baada ya saa tisa alasiri, ardhi ilitikisika katika mkoa huo kwa tetemeko ambalo hata sisi wa Mwanza tulilisikia vikombe vikigongana kabatini. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka kuta. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi kwamba wanafunzi walilazimika kuhamishiwa kwingine. Watu wa Hamugembe na mitaa mingine ya Bukoba walilala nje, wengine kwa kukosa nyumba na wengine kwa kuogopa zile zilizobaki zimesimama.

Nchi ilijibu kwa namna inayonifanya nijivunie kuwa Mtanzania. Mabalozi na wafanyabiashara walioitwa na Waziri Mkuu waliahidi zaidi ya shilingi bilioni 1 katika kikao kimoja. Kenya ilituma mabati, magodoro na blanketi, na Uganda ikatoa dola 200,000. Akaunti ya benki ilitangazwa kwa jina la Kamati Maafa Kagera, na namba zake zikasambaa redioni na kwenye simu. Kikundi chetu, ambacho hadi wakati huo kilikuwa hakijawahi kuchangia jambo lolote nje ya misiba yake, kiliitisha kikao cha dharura, na kwa siku tatu nilipita nyumba kwa nyumba na daftari. Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni alinipa noti ya shilingi 2,000 iliyolowa maji ya samaki, akaniambia niandike jina la marehemu mumewe badala ya lake, kwa kuwa mume ndiye aliyekuwa mtu wa Muleba, huko Kagera. Tulipata shilingi 386,500, nikaziweka benki mwenyewe na stakabadhi nikaibandika ndani ya daftari.

Hazikupita wiki tatu tangu tetemeko, Rais akatengua uteuzi wa viongozi wawili wa mkoa huo kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la kamati. Kutuhumiwa si kutiwa hatiani, na sitamhukumu mtu katika barua hii. Ninachotaka mkione ni kile kilichotokea mtaani kwetu siku habari hiyo iliposomwa kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Watu hawakwenda kuuliza Bukoba, walikuja kwangu. Waliniuliza namba niliyowekea fedha ilikuwa ipi kati ya hizo mbili. Nilitoa stakabadhi, tukalinganisha tarakimu moja baada ya nyingine kwa mwanga wa tochi ya simu, na tulipoona kuwa namba yetu ndiyo iliyotangazwa tangu mwanzo, nilishusha pumzi kama mtu aliyeachiwa na mahakama, ingawa sikuwa nimefanya kosa lolote. Kashfa inapotokea juu, anayekosa usingizi ni yule aliyezunguka na daftari chini.

Mwanzoni mwa Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba, akawaeleza wananchi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba nguvu itaelekezwa kwenye miundombinu ya umma kama shule, vituo vya afya na barabara. Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada wa serikali ya Uingereza pia, na ni shule ambayo itawafaa watoto ambao wazazi wao bado hawajazaliwa. Nimeufikiria uamuzi ule kwa miaka mingi, na sithubutu kusema ulikuwa mbaya. Inawezekana kabisa kwamba fedha iliyokusanywa, ikigawanywa kwa maelfu ya kaya, ingekuwa mabati machache kwa kila nyumba na shule zingebaki vifusi. Kiongozi hulazimika kuchagua.

Lakini mama wa Mwaloni hakuombwa kuchangia shule. Aliombwa kwa picha ya bibi aliyekaa juu ya tofali za nyumba yake iliyoanguka, na noti yake ilitoka mkononi kwa ajili ya yule bibi. Aliponiuliza mwaka uliofuata kama bibi amejengewa, nilimweleza nilichokisikia redioni, naye hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama wangemwambia ni shule angetoa pia, ila angetaka kuambiwa. Sijawahi kusikia hoja ya uwajibikaji iliyoelezwa vizuri kuliko hiyo. Tatizo halikuwa kwamba makusudio yalibadilika, maana yanaweza kubadilika kwa sababu nzuri. Tatizo ni kwamba aliyetoa alilisikia hilo kama habari ya watu wengine, wakati fedha ilikuwa yake.

Jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine mwaka 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na kuua watu 228. Msiba ule ulikuwa wetu wa moja kwa moja, kwa kuwa Ukerewe na Mwanza ni nyumba na uwanja wake. Michango ya rambirambi ilimiminika, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye kituo cha afya cha Bwisya, kulekule kisiwani. Ni jambo jema, na wagonjwa wa Ukara wanalihitaji. Hata hivyo katika Kiswahili chetu rambirambi ina maana yake, na maana hiyo ni mkono unaowekwa juu ya bega la mfiwa. Ikiwa itakuwa tofali la wodi, mfiwa na aliyetoa wote wawili wana haki ya kuelezwa ni kiasi gani kilikwenda begani na kiasi gani kilikwenda kwenye tofali.

Na haki itendeke kwa pande zote. Matope yalipoporomoka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, zaidi ya watu 80 walifariki, na safari ile serikali iliamua kuwajengea nyumba waliopoteza zao. Waliochanga waliona kuta zikipanda kwenye televisheni. Niliona tofauti kubwa mtaani kwetu katika namna watu walivyolizungumzia jambo hilo, kwa maana walichoombewa ndicho walichokiona. Kwa sababu hiyohiyo naomba hesabu yake isomwe kwa ukamilifu wake, mchango na fungu la serikali kila kimoja kwenye mstari wake. Jambo lililofanywa vizuri halipotezi kitu kwa kuandikwa.

Sasa niwageukie ninyi wenyeviti wa bodi, maana isije ikaonekana kwamba lawama zote ni za serikali. Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilianza kupeleka unga, sabuni na fedha kidogo kila mwezi kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto yatima. Sitakitaja, kwa kuwa watoto waliomo hawana kosa. Baada ya mwaka na nusu, wanachama waliniomba nikaulize hesabu, kama tunavyoulizana sisi wenyewe. Nilipokelewa vizuri, nikapewa soda, nikaonyeshwa picha za wafadhili kutoka nje waliokuwa wamekuja kuzindua bweni, na nilipotaja neno hesabu, msimamizi alinieleza kwa upole kwamba taarifa za fedha huandaliwa kwa ajili ya wafadhili wakuu na kwamba zile ni nyaraka za ndani. Nilimuuliza sisi ni nani. Alisema sisi ni marafiki wa kituo.

Nilirudi na jibu hilo, na kikundi kikapiga kura kusitisha. Ninajua kwamba siku ile walioumia ni watoto, na mpaka leo si uamuzi ninaoufurahia. Wala sina ushahidi kwamba shilingi moja iliibwa pale. Ninachokijua ni kwamba mfadhili wa mbali, aliyetuma dola, alikuwa na taarifa iliyokaguliwa mezani kwake kila mwaka, na mama aliyebeba kiroba cha unga kichwani hadi getini hakuwa nayo. Mashirika mengi yetu yameelekezwa hivyo tangu kuzaliwa. Hesabu zinaandikwa kwa Kiingereza, kwa muundo anaoutaka mfadhili, kwa mwaka wa fedha wa nchi ya mfadhili, na shirika likimaliza kumridhisha huyo linaamini kuwa limewajibika. Michango ya wenyeji huitwa sadaka, na sadaka, kwa fikra zao, haina risiti.

Hapa naomba niwatetee wasimamizi wa mashirika katika jambo moja ambalo wananchi wenzangu hulikosea. Mara nyingi mtu akisikia kwamba sehemu ya mchango wake imelipa mshahara wa mhasibu au mafuta ya gari, huona ameibiwa. Si kweli. Unga haujipeleki Katesh, na dawa haijigawi. Mhasibu mzuri, dereva anayelipwa kwa wakati na ghala lenye kufuli vinagharimu fedha, na shirika linalojinadi kwamba kila shilingi inamfikia mlengwa ama lina mfadhili mwingine anayebeba gharama za uendeshaji, ama halisemi ukweli. Ninachokipinga ni kuzificha gharama hizo ndani ya mafungu yenye majina mazuri, semina ikaitwa uwezeshaji wa jamii na posho ya kikao ikaitwa ufuatiliaji. Andikeni mshahara ni mshahara, na mafuta ni mafuta. Kikundi chetu kinamlipa kijana anayebeba viti, na hajawahi kutokea mtu akagomea mstari huo, kwa sababu kila mtu anamwona akibeba.

Waheshimiwa, sheria haijakosekana. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inalitaka kila shirika liandae kila mwaka taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni zilizotoka mwaka 2018 ziliongeza kwamba shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 liwasilishe mkataba wake kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10, na kwamba lichapishe kwenye vyombo vya habari fedha lilizopokea na namna zitakavyotumika. Mwaka uliofuata sheria yenyewe ikarekebishwa tena. Kwa maafa, tuna sheria ya mwaka 2015 na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2022. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ana mamlaka yake kwa Ibara ya 143 ya Katiba, na kila mwaka tunamwona akimkabidhi Rais ripoti zake.

Pamoja na hayo yote, ukisoma kwa makini utaona kwamba sheria hizi zinatazama juu. Zinamtaka msimamizi atoe taarifa kwa Msajili, kwa Hazina, kwa mfadhili, kwa Bunge. Tangazo la gazeti linalotakiwa na kanuni ni hatua nzuri, lakini gazeti halifiki Ukara kila siku, na tangazo la robo ukurasa lililojaa tarakimu ndogo halimweleweshi mchangiaji. Isitoshe, asasi zetu zimegawanyika katika milango mingi. Mashirika yasiyo ya kiserikali yako kwa Msajili wake, jumuiya za dini ziko Wizara ya Mambo ya Ndani, na bodi za wadhamini ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mwananchi anayetaka kujua kama shirika linalomwomba mchango stendi ya mabasi ni halali anatakiwa kwanza ajue agonge mlango upi kati ya hiyo, na akishaujua, bado haijawa na maana kwamba atafunguliwa hesabu.

Lipo jambo lingine ambalo itakuwa si uungwana nikilinyamazia. Marekebisho ya mwaka 2019 yalipelekwa bungeni kwa hati ya dharura, na watu wengi wa asasi waliyapokea kwa hofu, wakiona kwamba masharti ya fedha yanaweza kugeuzwa fimbo ya kumchapia anayeikosoa serikali. Hofu hiyo haijengi uwazi, kwa kuwa mtu anayeogopa kuchapwa huficha hata kile kisicho na kosa. Ninawaomba ninyi mlioshika fimbo mtofautishe mambo mawili. Shirika kuandika mapato na matumizi yake kwa ajili ya waliolichangia ni wajibu wa heshima kwa watu. Shirika kuitwa kuhojiwa kwa sababu ya maoni yake ni jambo tofauti kabisa, na mkiyachanganya, mtayapa yale yenye hesabu chafu kisingizio kizuri cha kujifanya yanaonewa.

Kuhusu fedha ya serikali inayopitia kwenye taasisi za hisani, nitatumia mfano ulio karibu na nyumbani kwangu. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa Baraza la Maaskofu Katoliki, ikiendeshwa kwa ubia na serikali mpaka leo ikiwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Hospitali ya KCMC ya Moshi nayo ni ya taasisi ya dini na ni ya rufaa kwa Kanda ya Kaskazini, na zipo hospitali teule katika wilaya nyingi kwa mpango unaofanana na huo. Serikali hulipa mishahara ya watumishi na hutoa ruzuku, na bila ubia huo sehemu kubwa za nchi hii zisingekuwa na daktari. Nimezaa mtoto wangu wa pili Bugando na sina la kuwalipa.

Ila tazameni ni nani anayelipa. Mwananchi wa kanda yetu huchangia hospitali ya namna hiyo mara tatu. Hulipa kodi inayokuwa ruzuku, hutoa sadaka Jumapili inapotangazwa harambee ya wodi, kisha hulipa dirishani anapougua. Mifuko yote mitatu ni yake, na kila mmoja una hesabu zake katika ofisi tofauti. Ninaamini taasisi hizi zina wahasibu waadilifu, na ninawaomba wazichapishe hesabu hizo pamoja, ukurasa mmoja wenye mistari mitatu ya mapato na matumizi yake, ubandikwe pale ambapo watu hupanga foleni ya kumwona daktari. Watu wana muda mwingi wa kusoma pale.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nchi zilizoendelea zimekwisha kulimaliza tatizo hili. Hazijalimaliza. Uingereza ina tume maalumu ya kusimamia mashirika ya hisani, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kulitafuta shirika kwenye daftari lake la mtandaoni akaona mapato na hesabu zake, jambo ambalo ningelipenda sana hapa kwetu. Hata hivyo shirika la watoto la Kids Company, lililoanzishwa London mwaka 1996 na Camila Batmanghelidjh, lilipokea kwa miaka mingi zaidi ya pauni milioni 40 za serikali, likapewa nyingine milioni 3 siku chache kabla ya kufungwa ghafla mnamo Agosti 2015, likiwa halina akiba ya kulivusha. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwapiga marufuku wajumbe wa bodi yake kushika nafasi za ukurugenzi. Wajumbe wakaepuka adhabu hiyo, lakini watoto waliokuwa wakitegemea milango ile walikuwa wameikuta imefungwa miaka sita kabla. Mfano huu unanionya dhidi ya kudhani kwamba kazi yetu ni kuwinda wezi. Shirika linaweza kuanguka na kuanguka na imani ya watu bila kuwa na mwizi ndani, ikiwa mawaziri wanatoa ruzuku kwa kupendezwa na mtu na bodi haiulizi maswali magumu mapema.

Basi ninawaomba mambo ambayo yamo ndani ya uwezo wenu, mengine bila hata kubadili sheria.

Simu zilizotuombea mchango ndizo ziturudishie hesabu. Mtandao wa simu unajua kila namba iliyotuma fedha kwenye mfuko wa maafa, na kama uliweza kutuma ujumbe kwa mamilioni ya watu siku ya kuomba, unaweza kutuma ujumbe mmoja kwa waliotoa, wenye maneno yasiyozidi thelathini: zimepatikana kiasi hiki, zimetumika kiasi hiki kwa kazi hii, zimebaki kiasi hiki, hesabu kamili iko ofisi ya kata yako. Ningempa mama wa Mwaloni simu yangu asome ujumbe huo, na nina hakika angeusoma mara mbili.

Kila mchango wa kitaifa utangazwe pamoja na tarehe ya kuvunja kamati. Siku 90 zinatosha kwa hesabu ya kwanza, na kama ujenzi unaendelea, isomwe nyingine kila baada ya miezi mitatu kama inavyotakiwa vijijini. Ikionekana kwamba fedha iliyoombwa kwa ajili ya nyumba inafaa zaidi kujenga shule, yule aliyesimama mbele ya kamera kuiomba asimame tena mbele ya kamera aeleze sababu, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Watu wetu ni waelewa. Nimesoma hesabu zenye upungufu mbele ya wafiwa, na sijawahi kupigwa.

Mheshimiwa Msajili, hesabu zilizokaguliwa ambazo mashirika hukuletea, zifungue. Kila shirika linaloomba fedha kwa umma litakiwe kuambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili, na ukurasa huo uweze kusomwa na yeyote kwenye simu bila kuandika barua na bila kulipa ada. Lugha ya sheria zetu imefanywa kuwa Kiswahili tangu mwaka 2021, na sioni sababu ya hesabu za kituo cha yatima cha Mwanza kuendelea kuwa za Kiingereza peke yake. Kwa mashirika madogo sana, yale ya akina mama watano na cherehani mbili, masharti yawe mepesi, ukurasa wa daftari ulioshuhudiwa na mtendaji wa mtaa utoshe, kwa sababu nimeona vikundi vizuri vikifa kwa kushindwa kumlipa mkaguzi.

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu, katika ripoti zako nyingi na nene naomba kijitabu kimoja chembamba kila mwaka, kinachohusu michango ya maafa na ruzuku zinazokwenda kwa taasisi za hisani tu, kisichochanganywa na hesabu za halmashauri. Mwandishi wa redio ya mkoa atakisoma hewani kwa nusu saa, na hilo litatufaa sisi kuliko kurasa elfu moja ambazo hakuna mtu wa mtaani anayefika mwisho wake.

Nanyi wenyeviti wa bodi hamhitaji kusubiri kanuni wala waraka. Bandikeni hesabu getini wiki hii. Mtu akija na kiroba cha unga, aikute.

Daftari la Septemba 2016 ninalo bado kabatini. Ukurasa wa kushoto una majina 61, pamoja na jina la yule marehemu wa Muleba, na kiasi kando ya kila moja kwa kalamu ya bluu. Ukurasa wa kulia una stakabadhi ya benki na kichwa cha habari nilichokiandika siku ileile, Matumizi, na chini yake nimeacha mistari tisa. Mkituletea hesabu, nitaijaza kwa kalamu nyekundu na kuisoma kwenye kikao cha kwanza kitakachofuata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhazini, kikundi cha kufa na kuzikana,
Mwanza